Machozi Niliyoyachukua Temeke

Rehema alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, akaniambia mama yake amefariki na maziko yatakuwa saa kumi jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akachoka. Nikampa pole, nikamwambia miguu yangu hainiruhusu kuwahi maziko lakini kesho nitafika matangani. Hapo akaongeza neno ambalo nadhani alitaka linifariji. "Mama alikuwa anakutajaga sana, Bi Agnesi. Alikuwa akisema watu wote walimpa pole, ila wewe ndiye uliyemwambia ukweli kuhusu kaka Athumani." Athumani ni kaka ambaye Rehema hakupata kumwona, alikufa akiwa na miezi minane, miaka mingi kabla Rehema hajazaliwa. Niliweka simu chini, nikarudi kwenye ungo wangu, nikaukuta mchele nimeshauchambua wote. Nikauchambua tena. Sikumwambia mama yake ukweli. Nilimwambia uongo, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wake, nikila chakula chake, na uongo ule ulimtoa mtu mwingine nyumbani. Nina miaka zaidi ya sabini na sijawahi kumsimulia mtu, hata marehemu mume wangu, ambaye nilimsimulia mengi asiyoyauliza.

Mwaka huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu bara nitaziacha, maana nikianza nazo nitatafuta humo kitu cha kujitetea. Nilifika Dar es Salaam na barua ya masista iliyosema najua kusoma, najua kuandika na sivunji vyombo, na nadhani kwa sababu hiyo ya tatu nikapewa kazi kwenye maabara moja ndogo upande wa Chang'ombe. Ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha mbele kilikuwa cha Daktari, Mwingereza mrefu aliyeongea kwa kunong'ona hata alipokasirika. Cha nyuma kilikuwa chetu: meza ndefu yenye madoa ya dawa, jokofu la mafuta ya taa lililokoroma mchana kutwa, na kabati la joto, ambalo lilikuwa sanduku kubwa la bati tulimooteshea vijidudu. Vijidudu vingi hupenda joto la mwili wa mtu. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza pale, na nalitaja hapa kwa makusudi.

Aliyenifundisha ni Bwana Fidahusein, fundi wa maabara, Mhindi wa Kikhoja, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni na Kiswahili cha pwani kilichonishinda mimi mtu wa bara. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaiota: kila kichupa kiandikwe ni kitu gani, kimetoka kwa nani, lini. "Kisicho na jina, binti yangu, tunamwaga," alikuwa akisema, na kweli alimwaga, hata siku moja akamwaga chai yangu. Yeye ndiye aliyenionyesha ile dawa ambayo Daktari alikuwa ameletewa kutoka Ulaya, unga mweupe kwenye chupa isiyozidi kidole gumba. Waliiita lisozaimu. Wajukuu zangu shuleni huita vitu vya namna hiyo vimeng'enya, na wananicheka nikikosea kulitamka. Bwana Fidahusein alichukua mrija wa kioo wenye maji yaliyojaa vijidudu vya manjano visivyo na madhara, yametibuka kama maji ya kuoshea mchele, akadondoshea tone moja la dawa ile, akanipa saa yake niishike. Tukatazama. Maji yakaanza kutakata taratibu, mpaka nikaweza kusoma maandishi ya gazeti alilolishika nyuma ya mrija. Nikamuuliza kama vijidudu vimekufa. "Vimepasuka," akasema. "Ngozi yao ya nje imeliwa, na yaliyokuwa ndani yametoka." Hicho ndicho Daktari alichokuwa akikitafuta, yale ya ndani, ayapate bila kuyachemsha wala kuyaharibu. Kisha Bwana Fidahusein akaniambia jambo lililonikaa kichwani wiki nzima, kwamba dawa ile haikutungwa na mtu. Imo kwenye ute wa yai, na imo kwenye machozi.

Unga wa Ulaya ulikaribia kuisha upesi na meli haikuwa na haraka, kwa hiyo Daktari akaamua tutengeneze wenyewe. Kila Jumamosi tulinunua mayai trei kwa trei. Kazi yangu ilikuwa kuyapasua na kutenga ute na kiini bila hata uzi mmoja wa manjano kupita. Ute ulitiwa chumvi na dawa nyingine, ukachanganywa na punje chache za lisozaimu iliyobaki ili chembe mpya zigande juu yake, ukalazwa kwenye jokofu siku kadhaa mpaka ukaanza kutoa chembe ndogo zinazong'aa. Viini havikuwa na kazi. Bwana Fidahusein aliniambia nivichukue, ila kwa masharti: niondoke navyo saa ile ile, viliwe siku ile ile, vikibaki vimwagwe. Nikawa navitia kwenye kopo lenye kifuniko, nakwenda navyo kwa miguu hadi Temeke, nilikokuwa nimepanga chumba.

Nyumba ilikuwa ya Shabani, seremala, mtu mkimya aliyejenga kila mlango wa nyumba ile kwa mkono wake na akawa hapendi yeyote aubamize. Mkewe alikuwa Mwajuma, lakini tangu Athumani azaliwe sote tulimwita Mama Athumani. Alinizidi miaka michache tu, na alinichukua kama mdogo wake, mimi Mkristo nisiyejua hata kufunga kanga vizuri. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido, mkabala na cha Tatu. Tatu alikuwa dada yake Shabani, rika langu. Alikuwa amemkimbia mumewe Utete, bila talaka, akiwa na pengo la jino ambalo mume huyo alilisababisha, na kaka yake alimpokea kwa sharti kwamba asilete maneno nyumbani. Hakuleta. Aliamka wa kwanza, akateka maji, akafagia uani, akambeba Athumani mgongoni mpaka mtoto akawa akimlilia yeye kabla ya kumlilia mama yake. Nilipofika na kopo langu Jumamosi, wote wawili walinipokea kwa kicheko. "Nesi," Tatu alikuwa akiniita hivyo ingawa sikuwa nesi, "hao wazungu wenu wanakula weupe tu? Utamu wote wanautupa?" Mama Athumani akamwambia, "Usiwafundishe, wifi. Wakijua watatuzuilia." Tulikula viini kwa kila namna: vya kukaanga na vitunguu, vya kukandia maandazi yakatoka ya manjano sana, vya kuchanganya na nazi. Sijala vizuri namna ile tena, na nimekaa mahali pengi pa heshima tangu wakati huo. Jioni za Jumamosi tulikuwa tukikaa uani watatu, mtoto akipita kutoka paja hili hadi lile, tukimcheka Shabani aliyekuwa ndani akipiga msasa kitu ambacho tayari kilikuwa laini.

Katikati ya mwaka Daktari akataka kulinganisha. Tayari alikuwa na ute wa mayai. Sasa akataka machozi. Asubuhi moja sote tulikatakata vitunguu maji juu ya meza ya maabara, mimi, Bwana Fidahusein na Daktari mwenyewe na koti lake jeupe, tukilia na kucheka, kila mmoja na kichupa chini ya jicho. Bwana Fidahusein vitunguu havikumtoa hata tone, ikabidi akamulie ganda la limau karibu na jicho, na akasema hiyo ndiyo faida ya kuishi na mama mkwe. Machozi yetu yalifanya kazi. Maji ya vijidudu yalitakata. Lakini siku mbili baadaye, nikiwa naosha vioo, niliwasikia wakizungumza chumba cha mbele kwa Kiingereza, na Kiingereza cha masista kilinitosha kuelewa. "Haya ni ya kitunguu," Daktari alisema. "Jicho limechokozwa tu. Ningependa kuona ya mtu anayelia kweli." Bwana Fidahusein akamjibu. "Mtu anayelia kweli, Daktari, huwezi kumwambia ashike kichupa." Wakacheka kidogo, wakaendelea na mengine. Kwao ilikuwa mazungumzo tu. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mwisho wa mwaka kutakuwa na nafasi moja ya kozi ya maabara Nairobi, na kwamba barua ya kumpendekeza mtu itatoka kwa Daktari. Nilisimama pale na vioo vinavyochuruzika maji, nikawa nafikiri ni nani nimjuaye atakayelia.

Athumani alianza kutapika Jumapili moja jioni. Usiku ule akaharisha, Jumatatu macho yakaanza kuzama. Walimpeleka zahanati, wakarudi na chupa ya dawa ya rangi ya waridi ambayo kila alipopewa aliirudisha. Jumatano niliomba ruhusa kazini nibaki kuwasaidia. Saa tatu asubuhi mtoto alikata roho mapajani mwa mama yake, kwenye mkeka, mlango wa chumba ukiwa wazi. Na mimi nilikuwa na kichupa mfukoni, kimechemshwa, na mrija wake wa kioo umefungwa kwenye kitambaa safi. Nilikichukua maabara Jumanne. Jumanne Athumani alikuwa hai. Nimejaribu miaka mingi kuipa sentensi hiyo maana nyingine, na haina.

Wanawake wa jirani walijaa chumbani. Mama Athumani hakupiga kelele. Alikaa amempakata mtoto aliyekwisha kufunikwa kanga, machozi yakimtiririka tu, na bibi mmoja nyuma yake akawa anamwambia kwa upole, "Usimdondoshee machozi, mwanangu. Maiti hadondoshewi machozi. Mpanguseni jamani." Hapo ndipo nilipopata nafasi. Nilipiga magoti mbele yake kama mtu anayekwenda kumpangusa, na wote waliona nesi akifanya kazi ya unesi. Niliweka mdomo wa kichupa kwenye shavu lake. Baridi ya kioo ikamshtua, akanitazama. "Ya nini, Nesi?" Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kukirudisha mfukoni. Nikamwambia, "Yatapimwa, dada. Tutajua kilichomchukua mtoto." Yule mwanamke aliniinulia uso wake, akatulia, akaacha hata kupepesa ili nisikose tone. Alinisaidia. Upande wa kulia ulipokauka alinigeuzia wa kushoto.

Kesho yake Bwana Fidahusein aliona kichupa kwenye jokofu kikiwa na maandishi yangu: machozi, msiba, Temeke. Alikitazama bila kukigusa. "Jina la mwenyewe liko wapi?" Nikasema nimeona vibaya kuliandika. "Ulimwambia ni ya nini?" Nikajibu kwamba nilimwambia, na hilo halikuwa uongo, kumwambia nilimwambia. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Sisi Mashia tuna siku zetu za kulia kila mwaka, za Muharamu," akasema. "Tangu nikiwa mtoto nafundishwa kwamba machozi ya msiba ni kitu cha heshima. Andika jina lake, binti yangu, au kimwage." Nikaandika herufi mbili tu, M. A. Daktari alifurahi. Akapanga mirija miwili sambamba, mmoja wa kitunguu na mwingine wa Mama Athumani, akashika saa mwenyewe. Ikatakata yote miwili, kwa wakati ule ule. Akasema kwa kunong'ona kwamba hakuna tofauti, akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akanitazama kwa macho ya mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Kisha akaenda kunywa chai. Kichupa nilikiosha mwenyewe.

Nilidhani limekwisha. Lakini Mama Athumani alikuwa ameachiwa ahadi, na mtu aliyefiwa na mtoto hana kingine cha kungojea. Matanga yalipoanuliwa aliniuliza, "Wameona nini?" Nikasema bado. Wiki iliyofuata, bado, kuna dawa ya kupimia haijafika. Wiki nyingine, bado. Alikuwa haulizi kwa kusumbua. Alikuwa akiniwekea chakula, akakaa pembeni akinipepea nzi, akangoja nimalize kula ndipo aulize. Nikaanza kurudi nyumbani nimechelewa makusudi. Nikaacha kuleta viini, nikavimwaga nyuma ya maabara kila Jumamosi, na alipouliza sababu nikasema Daktari amekataza. Baada ya arobaini, mchana wa Jumapili, tulikuwa tumekaa uani wote, Shabani, Tatu, yeye na mimi, sinia ya wali katikati. Aliniuliza mbele yao. "Nesi, siku arobaini zimepita. Kama wanajua, niambie. Hata kama ni kosa langu mwenyewe niambie." Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuniacha. Nikasema, "Wamesema ni maji."

Sasa inabidi nirudi nyuma, kwa sababu kuna Jumamosi moja nimeiruka. Ni ile ya kabla ya Athumani kuugua. Bwana Fidahusein hakuwapo siku hiyo, alikuwa na shughuli ya kwao, na Daktari akaniachia kazi zake na za mwenzake. Nilipasua mayai saa mbili asubuhi. Meza ilijaa, jokofu lilijaa, nikachukua kopo la viini nikaliweka mahali pekee palipokuwa wazi, juu ya kabati la joto. Nikalisahau hapo. Nililichukua saa kumi, bati lake likiwa na uvuguvugu mkononi, na nikasimama kidogo, kwa kuwa nilikumbuka. Nilifungua nikanusa. Havikunuka. Nikawaza nyuso zao nikifika mikono mitupu, nikaenda navyo. Vya kwetu vilikaangwa vikakauka. Lakini Mama Athumani alichukua viwili vibichi, akavikorogea kwenye uji wa mtoto uliokwisha poa, na sukari kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nikikuna nazi, nikamwona, na nilicheka jinsi Athumani alivyoking'ang'ania kijiko. Sijui kama ni vile viini. Watoto wengi walikufa Temeke mwaka ule, kwa mambo mengi. Lakini sikuwa mtu wa kutojua. Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kabati lile ni la kazi gani, na nilipoulizwa, nilitafuta jibu lililo mbali na kopo langu.

Shabani aliweka tonge lake chini. "Maji ya wapi?" akauliza, ingawa hakuwa ananitazama mimi. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu siku zile, na mara mbili Tatu alikuwa amegombezwa kwa kuteka kwenye kisima cha bondeni ili awahi kazi nyingine. Sote tulilijua hilo. Sitasema kwamba nililitamka neno lile bila kufikiri litamwangukia nani; lilinijia kwa sababu lilikuwa na pa kwenda. Tatu alitutazama mmoja mmoja. "Maji yale tumekunywa wote," akasema. Hakuna fundi wa maabara duniani ambaye angepata hoja bora zaidi ya hiyo, na mimi niliyekuwa nikifundishwa ufundi huo niliinamisha kichwa nikaendelea kula. Mama Athumani hakumtukana wifi yake. Aliinuka tu, akaenda kwenye mtungi, akaumwaga wote kwenye mchanga, na kuanzia siku ile alikuwa akiteka maji yake mwenyewe.

Wiki haikuisha. Shabani hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mke asiyeweza tena kukaa korido moja na dada yake, na alijua njia moja tu ya kulimaliza. Akampelekea mume wa Tatu habari Utete kwamba aje amchukue mkewe. Tatu aliingia chumbani kwangu akiwa amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, tayari kwa safari. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Nisemee kwa kaka, Nesi. Wewe umesoma, atakusikiliza. Mie nilimpenda yule mtoto. Na yule mwanamume nikirudi ataniua." Nikamwambia nitasema. Akanishukuru. Nilimsikia mume wake akifika mlangoni, nikasikia salamu, nikasikia Shabani akimwambia asiubamize mlango, nami nilikuwa nimekaa palepale kitandani, mikono imeshika godoro. Mwezi uliofuata barua ya Nairobi ikatoka. Mama Athumani alinifunga kanga mpya siku ya kuondoka, akaniambia, "Wewe ndiye uliyenipa usingizi." Niliivaa kanga hiyo Nairobi mpaka ikachakaa, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Nilikwenda matangani kama nilivyomwahidi Rehema. Nyumba ni ya bati na tofali sasa, lakini korido ni ile ile, na milango ya Shabani ipo bado ingawa yeye hayupo. Nilikuwa nimejitayarisha kukaa, kutoa pole na kuondoka. Sikuwa nimekanyaga pale tangu niondoke, na sikujua kwamba Tatu yu hai. Mume wake alipokufa alirudi Temeke, na kwa miaka mingi alikuwa akiishi chumba cha uani, wifi mmoja hapa, wifi mwingine pale, wakisalimiana na kupeana chumvi. Nilimtambua kwa lile pengo alipomcheka mtu. Binti mmoja alitaka kupita na masufuria, akamnyooshea kichanga chake amshikie, na Tatu akairudisha mikono yake ndani ya kanga. "Mpe mwingine," akasema. Rehema akaniinamia, akaninong'oneza, "Shangazi Tatu hashikagi watoto. Hata sie hakutushika. Tumezoea."

Nikaenda kukaa karibu naye kwenye jamvi la uani. Alifurahi kuniona, Mungu anisamehe, alinishika shavu. Nilimuuliza kuhusu watoto. "Si unajua mwenyewe, Nesi," akasema bila uchungu wowote. "Nilizaa watatu. Kuwanyonyesha niliwanyonyesha. Lakini maji, uji, dawa, nilikuwa naita jirani awape. Mkono wangu ulishaua mmoja. Sikutaka kuujaribu tena." Alisema hivyo huku akipanga vikombe vya kahawa kwenye sinia. Nikamwambia yote. Nilimwambia kichupa, kozi ya Nairobi, kabati la joto, kopo. Nilimwambia hakuna maji yaliyopimwa, hakuna chochote kilichopimwa, na kwamba siku aliponiomba nimsemee sikufungua hata mlango. Nilisema nikitazama vikombe. Kikombe kimoja kilimponyoka kikagonga sinia, naye hakukiokota.

Alisukuma sinia pembeni. Kisha akanyoosha mikono yake mbele yetu wote wawili. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, vifundo vimevimba, na havikuweza kukunjuka wala kufunga. "Ungeniambia nikiwa na mikono," akasema. "Sasa hivi hata ukinipa mtoto nitamwangusha." Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia kwa kichwa. "Wifi amekufa anajua ni mie." Nikasema ndiyo. "Na hao walioko ndani, wanajua ni mie." Nikasema ndiyo. "Basi radhi tutaizungumza baadaye. Inuka."

Aliniingiza ndani kwa kupenyeza mkono wake kwenye kiwiko changu. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, wazee kwa vijana, wamekaa mkekani na juzuu mapajani, na wengine wanabembeleza watoto. Tatu alisimama katikati yao, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. "Nyamazeni kidogo," akasema. "Nesi ana neno kuhusu Athumani." Rehema aliyekuwa mlangoni alisogea karibu, akakaa miguuni pangu, akaniinulia uso wake na kutulia. Nikasema, "Wanangu, hakuna aliyepima maji."